Mwati wa Maua Hauishii Uani

Cootamundra ni mji mdogo wa reli na ngano katika jimbo la New South Wales, kusini-mashariki mwa Australia. Wapenzi wa kriketi wanaujua kwa sababu Donald Bradman alizaliwa hapo mwaka 1908. Wapenzi wa bustani wanaujua kwa sababu ya mti. Vilima vya jirani, kuelekea Temora, ndivyo asili ya mwati ambao wataalamu wanauita Acacia baileyana: mti mfupi, kwa kawaida mita tatu hadi sita, wenye majani yaliyochanika kama unyoya na rangi iliyo kati ya fedha na samawati. Majira ya baridi ya huko yanapokaribia kwisha, Julai na Agosti, mti mzima hujifunika vishada vya maua ya njano hadi majani yenyewe yakawa hayaonekani.

Kila kitufe cha njano ni mkusanyiko wa maua madogo mno, na rangi inayoonekana kwa mbali ni ya nyuzi zinazobeba chavua. Ferdinand von Mueller ndiye aliyeupa mti huo jina la kisayansi mwaka 1888, kwa heshima ya mtaalamu mwenzake wa mimea huko Queensland, Frederick Manson Bailey. Tangu hapo mbegu zake zimesafiri hadi California, kusini mwa Ulaya, New Zealand na Afrika Kusini, na sababu zake zinaeleweka. Hauna miiba. Hukua haraka na kuchanua ungali mchanga. Hauombi mbolea, na ukishashika mizizi huvumilia ukame na baridi. Mwenye kiwanja kidogo, anayetaka kivuli chepesi na rangi karibu na baraza, hapati kwa urahisi mti mwingine unaomlipa mapema hivyo.

Ndugu zake nao wana heshima zao. Acacia pycnantha ilitangazwa kuwa ua la taifa la Australia mwaka 1988. Acacia dealbata, ambayo Wafaransa na Waitaliano huiita mimosa, imejaa katika vilima vya pwani ya Mediterania nchini Ufaransa, hata mji wa Bormes ukaongeza jina la ua hilo kwenye jina lake mwaka 1968 na kuitwa Bormes-les-Mimosas. Nchini Italia, tangu mwaka 1946, tawi la mimosa ndilo zawadi wanayopewa wanawake kila tarehe 8 Machi. Lilichaguliwa kwa kuwa huchanua wakati huo na lilikuwa la bei ndogo, watu wakitoka tu vitani na mifuko ikiwa mitupu.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Njombe, Mafinga, Lushoto, Limuru au Kericho anayeiona picha ya mti huo na kuutamani hana kosa lolote. Tena hali ya hewa ya kwake inaufaa: jua la kutosha, usiku wa baridi, udongo usiotuamisha maji. Na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa mwati uliopendezwa na mahali hauheshimu uzio. Hoja ya makala haya ni kwamba mwati wa maua wa Australia, uwe huo wa Cootamundra au ndugu yake yeyote, usipandwe tena katika bustani za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nafasi yake ichukuliwe na miti midogo ya maua ya njano ambayo ni wenyeji wa nchi hizi, na ambayo vitalu vingi vya miche bado havijajishughulisha kuiotesha.

Mwati si jina geni nyanda za juu. Mwati mweusi, Acacia mearnsii, ulifika mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni. Huko Njombe Kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo wengi wanaijua kama TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 kwa mtaji wa shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni. Kilichotafutwa kilikuwa magome, kwa kuwa yana tanini, dawa inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu na mikoba. Upande wa Kenya, Eldoret palikuwa na kiwanda cha kukamua tanini hiyo, na wakulima wadogo wa sehemu za Kati walichuna magome na kuyauza ili wapate ada na kodi. Leo mwati ni mkaa, ni kuni, ni nguzo za kujengea, na katika kaya nyingi za Njombe ni akiba inayosubiri shida. Mtu akiitukana miwati mbele ya mzazi aliyesomesha watoto kwa kuivuna, atakuwa hajui anachokisema.

Lakini shamba na bustani haviendeshwi kwa sheria moja. Mwati wa shambani huvunwa ukiwa bado kijana, una mwenyewe anayeutegemea, na mwenyewe huyo ana sababu ya kuijua mipaka yake. Mwati wa bustani haukatwi. Kazi yake ni kuchanua, na kila unapochanua hufunga maganda, na kila maganda yanapokauka hupasuka na kumwaga mbegu. Miti hii haiishi sana. Mingi huanza kuchoka kati ya miaka 10 na 20, ikaoza shina au kuangushwa na upepo. Mwenye bustani huona mti umekufa na shughuli imekwisha, kumbe chini ya majani makavu shughuli ndiyo kwanza imeanza.

Mbegu ya mwati inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo kiini cha jambo zima. Ni nyeusi, ndogo, na ina gamba gumu lisilopitisha maji. Kwa sababu hiyo mvua ya kwanza haiiamshi, wala ya pili. Inaweza kulala udongoni kwa miongo kadhaa ikiwa hai. Kwenye ncha yake ina kipande laini chenye mafuta ambacho sisimizi na chungu wengine hukipenda. Huibeba hadi shimoni mwao, wakala kile kipande na kuiacha mbegu salama chini ya ardhi, pasipofikiwa na ndege wala moto. Kisha siku moja moto hupita juu. Joto hulipasua lile gamba, mvua inayofuata huingia, na pale palipokuwa na mti mmoja panaota miche iliyosongamana hata jembe halipiti. Katika nchi ambazo mashamba na malisho huchomwa kila kiangazi, mtu hawezi kubuni mpango bora wa kuueneza mti.

Barabara nayo husaidia. Greda likikwangua ukingo, lori likibeba udongo wa kujazia msingi, mto ukifurika na kushusha mchanga, mbegu husafiri bila nauli. Ndiyo maana mara nyingi miche ya mwati huanzia kando ya barabara na kando ya vijito kabla ya kuingia uwandani.

Ukishaota, mti hubadilisha udongo wenyewe. Mizizi ya mwati hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na hilo kwa mkulima wa mahindi ni baraka. Kwa uwanda wa milimani ni habari nyingine. Maua mengi ya porini ya nyanda za juu yamezoea udongo maskini. Yanashinda pale ambapo mimea mingine inashindwa. Udongo ukirutubishwa, na juu yake pakawa na kivuli cha mwaka mzima, yale yaliyozoea jua na umaskini huondoka, na hata mwati ukikatwa baadaye hayarudi upesi. Maji nayo hupungua, kwa sababu mti usiopukutisha majani huendelea kunywa wakati nyasi zimenyauka na kupumzika.

Kuna sababu nyingine inayoufanya mwati uwe na nguvu kubwa ugenini. Nyumbani kwake una maadui. Kuna fukusi wanaotoboa mbegu zake, nyigu wanaotaga katika vichipukizi vya maua, ukungu unaouvimbisha matawi. Mbegu zilipofungwa katika bahasha na kuvushwa bahari, maadui hao walibaki. Linganisha na mgunga wa Kiafrika: maganda yake yakianguka, sehemu kubwa ya mbegu huliwa na mbawakawa wadogo, jamaa wa wale wanaotoboa maharage ghalani. Mwati wa ugenini haulipi kodi hiyo.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Australia kwenyewe. Huo mti wa Cootamundra, nje ya vilima vyake vya asili, unahesabiwa kuwa magugu. Watu waliupanda bustanini Victoria, Canberra, Australia Kusini na Australia Magharibi, ukatoroka na kuingia vichakani, na tena unazaana na miwati mingine ya maeneo hayo hadi asili ya miti ya wenyeji inachanganyika. Nchi yenye takriban aina 1,000 za miwati, inayouweka mwati kwenye nembo yake, inawashauri watu wake wasipande aina moja ya mwati mbali na kwao. Ikiwa Mwaustralia anaonywa, mtu wa Njombe ana haki ya kuambiwa.

Afrika Kusini ililipa ada ya somo hili kwa niaba ya bara zima. Mwaka 1864 mkulima John Vanderplank alipanda mbegu za mwati mweusi huko Camperdown, Natal. Miaka kadhaa baadaye thamani ya magome ikajulikana, mashamba makubwa yakaanzishwa, na mti ukatoka mashambani ukafuata mito. Miwati mingine ililetwa Cape kushikilia mchanga wa pwani usihame, ikaushika kweli, kisha ikayafunika maua ya asili ambayo hayapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1995, Waziri Kader Asmal akiwa na dhamana ya maji, serikali ilianzisha mpango wa Working for Water, ambao umewaajiri maelfu ya watu wasio na kazi kukata na kung'oa miti vamizi ili maji yarudi mitoni. Mpango huo ungali unaendelea. Kanuni zilizotolewa mwaka 2014 ziliutaja mpaka mwati wa Cootamundra: uliokwisha kupandwa unaweza kubaki kwa masharti, mpya hauuzwi wala haupandwi.

Ureno ilipitia njia hiyo hiyo na mwaka 1999 ikatunga sheria iliyoorodhesha aina kadhaa za miwati, mimosa ikiwemo, kuwa mimea vamizi. Mwaka 2015 ikaenda mbali zaidi: ikaachia nyigu mdogo kutoka Australia anayetaga katika vichipukizi vya Acacia longifolia, mahali pa ua pakaota uvimbe usiozaa mbegu. Taifa halifiki hatua ya kuagiza wadudu kutoka bara jingine kama panga na jembe vingetosha.

Isidhaniwe kwamba ubaya uko kwa mimea ya Australia peke yake. Mgunga wa jamii ya Vachellia nilotica, ambao ni mwenyeji wa Afrika na Asia, ulipelekwa Queensland mwishoni mwa karne ya 19, wa nasaba ya kutoka Bara Hindi, ili kondoo wapate kivuli na watu wapate pambo. Leo umevamia mamilioni ya hekta za malisho na ni miongoni mwa magugu yanayopewa uzito wa kitaifa nchini humo. Mti ni ule ule ambao mbuzi wa Dodoma hula maganda yake na kushiba, na hakuna anayeulalamikia. Kilichobadilika ni mahali.

Afrika Mashariki ina mifano yake, na yote ilianza kwa nia njema. Senna spectabilis, mti wa Amerika ya kitropiki unaofanana na mjohoro kwa maua ya njano, ulipandwa kwa pambo na kivuli, ukaingia katika misitu ya sokwe ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, na katika misitu ya Uganda ikiwemo Budongo. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kila pembe ya dunia. Mmoja uliokuja kuenea sana msituni hapo, Maesopsis eminii, haukutoka ng'ambo. Asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi hadi kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa wasomaji wa Kenya inatosha kutaja mti wa mathenge. Ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na mwaka 2006 wanakijiji walikwenda mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake.

Sasa ichukuliwe ramani, itazamwe Njombe. Upande wa magharibi, kwa safari isiyo ndefu ya gari kupitia Makete, kuna Kitulo, uwanda ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iliyotengwa mahsusi kwa ajili ya maua: okidi za ardhini za aina 45, na mengine mengi yanayochanua mvua zikikolea, kati ya Desemba na Aprili. Ni nyasi na maua, hakuna miti mikubwa, jua linafika kila mahali. Mwati hautafuti makao mengine zaidi ya hayo. Uwanda wa Nyika nchini Malawi na milima ya mashariki mwa Zimbabwe vina sura hiyo hiyo, na kote huko mwati mweusi umekwisha kuingia. Kuongeza mwati mwingine, mzuri zaidi na unaopendwa zaidi, katika bustani zinazoizunguka Kitulo ni kuiweka hatarini hazina ambayo hakuna kitalu kinachoweza kuiotesha upya.

Kuna wanaojibu kwamba mti mmoja uani hauwezi kuleta yote hayo. Jibu hilo lina nguvu yake, maana miti mingi ya kigeni imekaa vizuri na watu. Mwembe ulitoka Asia na mkrismasi ulitoka Madagaska, na hakuna mtu mwenye busara anayetaka kuving'oa vivuli hivyo. Mgeni hahukumiwi kwa ugeni wake. Anaangaliwa alivyofanya alikokwenda kabla, na rekodi ya miwati inajulikana kutoka Cape hadi Ureno. Wengine husema watayakata maganda kabla hayajakauka. Ni kazi inayowezekana kwa mti wa mita mbili. Ukifika mita sita, wenye nyumba wakiwa safarini au wakiwa wameuza kiwanja, hakuna atakayepanda ngazi kila mwaka kuhesabu maganda.

Basi apande nini anayetaka njano bustanini?

Wa kwanza kufikiriwa ni Calpurnia aurea. Ni mti mdogo wa kingo za misitu ya milimani, unaopatikana kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Bustanini huishia mita tatu au nne. Maua yake ni ya njano ya dhahabu, yananing'inia kwa vishada, umbo lake likifanana na ua la kunde, na nyuki wakubwa weusi huyazunguka mchana kutwa. Hauna miiba, kwa hiyo unaweza kukaa hata karibu na njia ya watoto, ila wafundishwe kutotafuna mbegu: mti huo una sumu, na katika sehemu za Ethiopia majani yake hutumika kuua chawa na kupe wa mifugo. Kwa anayetaka mti wa kufanana na ule wa Cootamundra kwa kimo na rangi, huu ndio wa karibu zaidi, na inashangaza jinsi usivyoonekana katika foleni za viriba kando ya barabara.

Mahali pa juu zaidi, kwenye ukungu na baridi ya kung'ata, kuna Hypericum revolutum, kichaka kinachoweza kufikia kimo cha mti, chenye maua makubwa ya njano yaliyofunguka kama sahani. Hukutwa katika milima mirefu ya ukanda huu, Kilimanjaro na Mlima Kenya ikiwemo, na hustahimili baridi inayounguza mimea mingine.

Kwa nchi kavu, kuanzia Dodoma na Singida hadi uwanda wa Athi na kaskazini mwa Kenya, wenye sifa ni mgunga, Vachellia seyal. Huu ni mti wa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, ambao miti mingi ya bustani huukimbia. Gome lake peke yake ni pambo: huambuka na kuacha unga wa rangi ya kutu au ya kijani kibichi. Huchanua wakati wa kiangazi, vitufe vya njano vikijaa matawini wakati majani ni machache, na harufu yake huwaita nyuki kutoka mbali. Nchini Sudan mti huu huitwa talh. Utomvu wake huuzwa, na wanawake hujifukiza kwa moshi wa kuni zake. Una miiba mieupe iliyonyooka, mingine mirefu kama kidole, na hilo lazima lizingatiwe katika kuchagua mahali. Mgunga wenye gome la manjano, Vachellia xanthophloea, unaopamba kingo za Ziwa Naivasha, huvutia wengi, lakini ni mti mkubwa wa kandokando ya maji na haufai kiwanja cha mita 20 kwa 30.

Wasomaji wa vitabu vya zamani wataikuta migunga hii ikiitwa Acacia. Mkutano wa kimataifa wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina hilo libaki kwa miwati ya Australia kwa kuwa ndiyo mingi, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 haukuubadili uamuzi huo, licha ya malalamiko kutoka Afrika. Anayetafuta mbegu atafute chini ya majina yote mawili.

Kuiotesha si kazi ngumu. Mbegu za mgunga zichumwe maganda yakianza kubadilika rangi na kukauka yakiwa bado mtini, kwa kuwa zikiachwa chini siku chache mbawakawa huzimaliza. Zenye tundu zitupwe. Zinazobaki zimwagiwe maji yaliyotoka kuchemka, yakiwa yameepuliwa motoni, kisha ziachwe humo hadi asubuhi. Zilizovimba ziko tayari, zisizovimba zirudiwe. Kila mbegu iwekwe katika kiriba chake kirefu, udongo wa msituni ukichanganywa na mchanga na samadi iliyooza kidogo. Urefu wa kiriba ni muhimu. Migunga hutanguliza mzizi mkuu kwenda chini kabla ya kuonyesha kitu juu, na mche uliokaa mno katika kiriba kifupi hupinda mzizi, na mti wa namna hiyo hauji kusimama sawasawa. Calpurnia haina masharti mengi. Mbegu zake zikilowekwa usiku mmoja kwa kawaida huota bila taabu.

Kupanda kufanyike mvua zinapokolea: Machi na Aprili kwa wenye masika, Desemba kwa wenye msimu mmoja kama Njombe na Dodoma. Shimo liwe la futi mbili kila upande, umbali wa mita nne au tano kutoka ukutani. Kiangazi cha kwanza mche unywe maji mara moja au mbili kwa wiki, mengi kwa mara moja, ili mzizi ushuke kuyafuata. Maji kidogo ya kila jioni huufundisha mzizi kubaki juu. Mbuzi wazuiliwe kwa matawi ya miiba au wavu. Mwaka wa pili na wa tatu matawi ya chini ya mgunga yapogolewe kidogo kidogo, mpaka miiba ivuke kimo cha mtu, na baada ya hapo mti uachwe uchague umbo lake.

Aliye na mwati wa maua tayari asione haya. Aliupanda kwa mapenzi na mara nyingi kwa kutojua. Ule wa Cootamundra ukikatwa usawa wa ardhi kwa kawaida hauchipui tena. Mimosa huchipua kutoka mizizini na itahitaji kufuatiliwa kwa misimu kadhaa. Wakati mzuri wa kukata ni baada ya maua, kabla maganda hayajakomaa. Takataka zisichomwe hapo hapo chini ya mti, maana moto utaziamsha mbegu zilizolala, na miche itakayoota ing'olewe kwa mkono ikiwa michanga, udongo ukiwa na unyevu. Udongo wa eneo hilo usigawiwe majirani.

Zaidi ya bustani ya mtu mmoja, kuna wanaopaswa kusogea. Wauza miche wa barabarani huotesha kinachonunuliwa, na wateja hununua wanachokiona. Duara hilo haliwezi kuvunjwa na mteja peke yake. Halmashauri za miji ya nyanda za juu zinapanda miti kila mwaka kwenye mizunguko ya barabara, viwanja vya shule na mbele ya ofisi. Zikiagiza Calpurnia na Hypericum kwa ajili ya maeneo hayo, vitalu vitapata soko la uhakika na watu watapata mahali pa kuyaona maua hayo kabla ya kuyanunua. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo cha mbegu Muguga; Tanzania ina kazi ya mbegu za miti iliyoanzia Morogoro, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yao imekuwa mbegu za mbao na kuni, na ilibidi iwe hivyo. Sasa miji inakua, Njombe na Mafinga ina mitaa mipya kila mwaka, na kila nyumba mpya ina kipande cha ardhi mbele kinachosubiri mti. Mbegu za miti midogo ya maua ya wenyeji, zikifungwa katika pakiti ndogo za bei ya mwananchi na kuandikwa mahali zilipochumwa na namna ya kuzilowesha, zingekuwa madukani kabla ya mvua za Desemba.